Bei Moja ya Yuniti, Mchana na Usiku

Siku ya kuniaga, vijana wa nyumba ya jenereta hapa hotelini mlinipa blanketi, mkanitaka niwaandikie mambo ya kazi kabla sijayasahau. Blanketi nimelipokea kwa shukrani, maana baridi ya huku ukingoni mwa kreta haistaafu. Kuhusu kusahau, msiwe na wasiwasi. Kama ningeweza kusahau, ningekuwa nimekwisha kupumzika.

Sitawaandikia nilivyopanda cheo. Nilipanda mara moja tu, na faida niliyoiona ni kiti chenye mahali pa kuegemea. Nitawaandikia kuhusu hesabu mnayoifanya kila mwisho wa mwezi, ya kutafuta yuniti moja ya umeme imetugharimu shilingi ngapi. Nimewaona mkiifanya. Mnachukua gharama zote, mnagawa kwa yuniti zilizosomwa kwenye mita, mnapiga mstari chini mara mbili, mnakwenda kunywa chai. Ni hesabu ya mtoto wa darasa la sita. Mimi kwa hesabu hiyohiyo nilimfilisi mama mmoja wa Karatu aliyekuwa na mashine ya kusaga, kisha nikamwacha abebe jina baya ambalo lilipaswa kuwa langu.

Nilifika Karatu miaka ya sabini, wakati watu walikuwa bado wanahamishiwa vijijini na kila mkutano ulimalizika kwa kumaliza ukame kwa maneno. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimefanya kazi ya stoo Arusha miaka mingi, na sikuwahi kugusa jenereta. Mradi wa umeme wa mji ulikuwa na injini moja tu, iliyotolewa kwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani baada ya mwenyewe kuondoka nchini. Iliwekwa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Ikiwashwa, kuku wa mtaa mzima walihama.

Aliyenipokea ni Fundi Zakaria, mtu wa Singida, mfupi, mwenye vidole ambavyo havikuwa na kucha kamili hata kimoja. Salamu yake ya kwanza ilikuwa swali.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne, fundi."

"Basi wewe shika kalamu, mimi nashika grisi. Siku tukibadilishana, mji utalala gizani."

Kisha akanichukua mkono akaubandika kwenye ubavu wa injini inayonguruma. Nilitaka kuutoa kwa joto, akaukandamiza. "Usiisikilize kwa masikio," akasema. "Masikio yanazoea. Mkono hauzoei." Mpaka leo ndivyo ninavyoijua injini mgonjwa, na ndivyo nilivyowafundisha ninyi, ingawa wengine mlidhani nawatania.

Alinifundisha pia kupima dizeli. Tangi halikuwa na kioo cha kuonyeshea. Tulikuwa na fimbo aliyoichonga mwenyewe, yenye alama za kisu, kila alama lita ishirini. Unaifuta kwa tambara, unaitumbukiza, unaitoa, unasoma mahali ulipoishia unyevu. Tulipima mara moja kwa siku, asubuhi. Ilitosha, kwa sababu umeme ulikuwa wa jioni tu. Tukiwasha jua likizama na kuzima saa nne, dizeli iliyopungua kesho yake ilikuwa ya jioni hiyo na hakuna nyingine.

Wateja walikuwa zahanati, baa mbili, fundi cherehani mmoja aliyeshona mpaka usiku, maduka, na nyumba kadhaa za watumishi. Duka kubwa lilikuwa la Hemedi, aliyekuja na baba yake kutoka Kondoa, mtu wa swala tano na maneno mengi. Ndiye aliyenibandika jina la Bwana Yuniti, na jina likashika. Nilikuwa nikipita kusoma mita yake, anaita: "Bwana Yuniti! Umekuja kuhesabu kunguni wangu?"

Hesabu yangu ya bei niliifanya kwa uangalifu, na nasema hivyo bila kujisifu, maana hapo ndipo ubaya ulipojificha. Niliweka dizeli, oili, chujio, mshahara wa fundi, mshahara wangu, hata tambara. Nikajumlisha, nikagawa kwa yuniti zilizouzwa. Nikapata bei, nikaiandika kwa chaki mlangoni. Bei moja kwa kila mtu. Fundi Zakaria aliitazama akatingisha kichwa kwa kuridhika. "Kama soda," akasema. "Ukinywa asubuhi, ukinywa jioni, bei ileile." Tulicheka wote wawili. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba umeme si soda.

Basi kamati ya mradi ikakutana, na mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu aliyependa sana neno "uzalishaji", akauliza kwa nini mtambo unalala mchana. Mimi nikasimama nikaeleza kwa ubao na chaki. Mishahara ni ileile, kibanda ni kilekile. Tukiuza yuniti nyingi zaidi, kila yuniti itabeba mzigo mdogo, bei itashuka. Walinipigia makofi. Nilirudi kwenye nafasi yangu nikijiona nimeumba umeme mwenyewe. Kilichohitajika ni mteja mkubwa wa mchana, na Karatu nzima mteja huyo alikuwa mmoja tu.

Mama Boay alikuwa mjane, Mwiraqw kama mimi, mrefu, mwenye sauti ya kupita juu ya injini. Mumewe alimwachia mashine ya kusaga inayoendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja, yenye gurudumu zito na mkanda mrefu. Aliiwasha mwenyewe kwa hendeli. Na alikuwa na sheria yake: hawashi mpaka foleni ya magunia na madebe ifike kwenye mkaratusi ulio nje ya uzio. Ungekuja na debe lako alfajiri ungekaa mpaka saa nne, mpaka wenzako wajae. Akina mama walimnung'unikia mbele yake, naye aliwajibu hapohapo.

"Mama Boay, watoto wanalia njaa!"

"Walete hapa walie, labda injini itasikia iwake yenyewe."

Hata wafugaji waliopanda kutoka Olbalbal, bondeni ng'ambo ya msitu wa ukingo, na punda wao, wakinunua mahindi sokoni, walisubiri kama wengine. Hawa ndio walioihitaji mashine kuliko wote. Mwanamke wa Rhotia, kijiji cha jirani, ana kinu na jiwe nyumbani. Mtu wa mifugo hana. Mahindi yasiyosagwa kwake ni mzigo wa punda tu. Walijilaza juu ya magunia yao, rungu kifuani, wakamwita mama kwa lugha yao: "Yeyo, washa basi, nyati wataamka kabla yetu." Naye anawajibu: "Mkaratusi! Foleni ifike kwenye mkaratusi!"

Nilikwenda kwake na fundi. Nilimweleza kwamba mota ya umeme haina hendeli, haina nozeli ya kuziba, haili oili. Dizeli yake aliinunua kwa walanguzi, pipa kwa bei ya kukata roho. Sisi tulipata kwa mgawo wa serikali. Nilimwonyesha kwenye karatasi kwamba kusaga debe moja kwa umeme kutakuwa rahisi kuliko kwa injini yake. Kwa bei ya mlangoni, ilikuwa kweli.

"Na foleni?" akauliza.

"Foleni ya nini, mama? Unabonyeza kitufe. Akija mtu na pishi moja, bonyeza. Akimaliza, zima. Hakuna kusubiri."

Alifikiri kidogo akiwa ameegemea lile gurudumu. "Hii ya zamani nitaiweka pembeni pale. Siku umeme ukiumwa niwe na pa kushika."

Sasa nisikilizeni. Kama mwanamke yule angeiweka ile injini pembeni, nisingekuwa naandika haya. Lakini mimi nilikuwa Bwana Yuniti, nimepigiwa makofi, na nilitaka mota ile inunuliwe mwezi uleule. Nikamwambia, nikicheka, mbele ya akina mama waliokuwa pale: "Mama Boay, ukishanunua gari utaendelea kumlisha punda aliyekufa?"

Akina mama wakaangua kicheko. Naye akacheka. Wiki ya pili aliiuza injini kwa mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, ikabebwa kwenye lori, na fedha yake akanunulia mota, nguzo na waya.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya furaha, siwezi kuwadanganya. Kitufe kilibonyezwa kuanzia asubuhi hadi jua kuzama. Mtoto akitumwa na pishi, anasagiwa. Wafugaji walifika, wakasagiwa, wakaondoka mapema, wakavuka msitu wa ukingo wakati bado kuna jua. Mmoja alinishika mkono akausugua kwa nguvu kama anayetaka kuuwasha. Mama Boay alinunua kanga mpya akamwambia kila mtu ni kanga ya umeme.

Nasi kule kibandani tukawa tunaiwasha injini asubuhi, tunaizima saa nne usiku.

Mwisho wa mwezi nikafanya hesabu. Bei ya yuniti haikushuka. Ilipanda kidogo. Nikasema ni dizeli chafu. Mwezi uliofuata ikapanda tena. Nikasema chujio. Nilimwambia Fundi Zakaria asafishe nozeli. Akazitoa, akazisafisha, akazirudisha, ikapanda. Wakati huo dizeli yenyewe ilikuwa ya shida, vita vilikuwa vimekula mafuta ya nchi nzima, na pipa likichelewa Makuyuni tulikaa siku tatu bila kitu. Kila kitu kilikuwa kinapanda, kwa hiyo ilikuwa rahisi kwangu kutoshangaa. Nikafanya kile ambacho karani hufanya: nikafuta namba mlangoni, nikaandika kubwa zaidi.

Hemedi alisimama kusoma akishika kiuno. "Bwana Yuniti, hii bei au namba ya simu?"

"Ndivyo hesabu ilivyotoka, Hemedi."

"Basi mimi taa ya dukani inatosha. Ya nyumbani na ya uani kata. Watoto wangu wataniona kwa kandili. Sura yangu si nzuri kiasi hicho."

Hakuwa peke yake. Watumishi wakazima taa za nje. Baa moja ikarudi kwenye karabai. Yuniti za usiku zikapungua, na mimi nikagawa gharama kwa yuniti chache zaidi, bei ikapanda tena. Nikaandika. Fundi cherehani akafungasha taa yake, akawa anashona mchana tu. Nikagawa tena. Mnaiona? Kila nilipopandisha bei nilimfukuza mteja wa jioni, na kila mteja wa jioni aliyeondoka aliipandisha bei. Niliendelea hivyo mpaka mji ukaanza kurudi gizani nyumba kwa nyumba, na kila mara namba zangu zilikuwa sahihi.

Fundi Zakaria akaugua mguu, akarudi kwao Singida kutibiwa. Hakurejea, tulipata habari za msiba baadaye. Kwa muda nikawa nashika kalamu na grisi pamoja, kama alivyoniambia tusifanye. Siku moja, kwa kuwa niliogopa dizeli haitatosha jioni, nikaitumbukiza fimbo saa kumi na mbili jioni, kabla taa za mji hazijawaka. Sikuwahi kupima saa hiyo. Nikasoma alama, dizeli imeshuka mno, nikadhani nimekosea. Nikaifuta fimbo, nikaitumbukiza tena.

Nitawaeleza nilichokiona kwa namba nyepesi, mkizishika hizi mmenishika mimi. Tuseme zamani jioni, mji mzima ukiwa umewasha, injini ilikunywa lita kumi kwa saa ikatoa yuniti thelathini. Kila yuniti ni theluthi ya lita. Sasa mchana inazungushwa kwa ajili ya mashine ya kusaga peke yake. Na mashine yenyewe inasaga dakika tano, inasimama kumi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema hakuna kusubiri. Lakini injini haiwezi kusimama. Lazima izunguke kwa kasi ileile, tayari kwa kitufe. Inakunywa lita nne kwa saa ikitoa yuniti tatu. Hapo kila yuniti ni zaidi ya lita nzima. Nami nilikuwa namuuzia Mama Boay yuniti ya mchana kwa bei niliyoipata kwa kuchanganya na ya usiku, kisha tofauti nawatoza Hemedi na wenzake. Kadiri alivyopata wateja, ndivyo mradi ulivyozama.

Na ile sheria yake ya mkaratusi, foleni ijae kwanza, ndiyo tuliyoikosa. Kama angeendelea kungoja foleni, tungewasha kwa muda wa saa mbili tu kwa siku, mashine ikiwa imejaa muda wote. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwachisha.

Nikapeleka jambo kwenye kamati. Tulikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima tumejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Mama Boay aliitwa kama mteja mkubwa. Nikasoma namba: yuniti ya usiku inagharimu hivi, yuniti ya mchana hivi. Nikakaa.

Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo mchana anayetumia ni nani?"

"Ni mashine ya kusaga, mwenyekiti."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Hemedi akageuka kwenye dawati lake. "Mama Boay! Kumbe ni wewe uliyekula taa zetu!"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha mashineni. Mtu wa baa akaongeza, "Ndiyo maana kanga kila mwezi." Mama Boay alinitazama. Alikuwa ananingoja niseme. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: bei niliipanga mimi, na kitufe nilimwambia mimi. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikaona mwenyekiti ananitazama pia, nikafikiria kazi, nikafikiria makofi yale, nikainama kunoa penseli ambayo ilikuwa kali tayari.

Aliposimama alisema tu, "Mimi nililipa nilichoandikiwa." Akatoka.

Kamati ikaamua mtambo uzimwe mchana. Kupendekeza irudishwe foleni ya mkaratusi kungenilazimu kutaja nani aliyeivunja, kwa hiyo sikupendekeza. Niliomba mashine iruhusiwe kusaga jioni pamoja na taa. Tulijaribu. Mota ile ikianza kuzunguka, taa za mji zilififia mpaka nyuzi tu zikabaki nyekundu, na kutoka madukani unasikia: "Anakula huyo! Anakula!" Wanawake hawakutaka kutembea na unga gizani. Wafugaji hawangeweza hata wakitaka. Ukivuka msitu usiku na punda, unawapelekea fisi chakula. Kabla mwezi haujaisha, Mama Boay alikoma kuja kubonyeza.

Nikamwambia twende Mang'ola tukainunue injini yake. Nilikuwa na akiba kidogo. Tulishuka kwa lori la vitunguu likirudi tupu, vumbi mpaka kwenye meno. Injini tuliisikia kabla ya kuiona. Ilikuwa imefungwa kando ya mfereji, inavuta maji, imepakwa rangi ya kijani. Mama Boay aliikaribia, akaweka mkono kwenye gurudumu lililokuwa linazunguka, pembeni, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyeuzwa.

Mwenyewe alikuwa kijana mstaarabu. "Mama, shikamoo. Bibi wa mashine, karibu. Lakini nikikuuzia, vitunguu hivi vinakauka kabla ya Ijumaa. Nitawaambia nini watoto?"

"Tutaongeza," nikasema.

"Bwana, hata ukiongeza, nitaipata wapi nyingine? Umeiona duka gani?"

Na ilikuwa kweli. Miaka ile hukununua injini kwa fedha. Uliinunua kwa kibali, na kibali kwa kumjua mtu. Kijana akatupa kila mmoja mafungu mawili ya vitunguu. Tulirudi tumekaa juu ya mizigo. Njiani nilijaribu kusema kitu, Mama Boay akaniambia, "Funika mdomo, vumbi."

Ukame ukaja. Wafugaji wakapanda na punda wengi kuliko kawaida, ng'ombe wakiwa wameanza kufa bondeni. Niliwaona wamesimama nje ya banda lililofungwa na magunia yao ya mahindi. "Yeyo, washa." Mama Boay aliwatolea sufuria yake kubwa na kuni, wakachemsha mahindi mazima palepale uani, wakala wamechuchumaa. Wengine walirudi Olbalbal na magunia jinsi yalivyo. Watoto wadogo na wazee wasio na meno walikula nini huko, sikuuliza. Ninyi mkiwa na mahali pa kuuliza, ulizeni.

Kisha akaja kibandani. Alikuwa ameuza mota, mawe ya mashine, mabati ya banda na ng'ombe wake wa maziwa. Alitukuta mimi na mwenyekiti. Akafungua pindo la kanga, akaweka fedha mezani.

"Nini hii?" mwenyekiti akauliza.

"Ya taa. Watu wanasema nimekula. Sokoni wanasema, kisimani wanasema, kanisani nikikaa benchi wanasogea. Mimi sitaki kukaa na cha mtu. Nimelipa nilichonacho."

Mwenyekiti akanitazama. Hakuna aliyemdai. Hakukuwa na deni lolote katika karatasi yoyote. Alikuwa amelipa kila ankara kwa siku yake. Nilichopaswa kufanya ni kuisukuma ile fedha irudi upande wake wa meza. Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya upole, "Ni moyo wa uzalendo huo, mama." Akaniashiria kwa kidevu.

Nikaandika stakabadhi. Nikaandika jina lake, nikaandika kiasi, na mahali pa maelezo nikaandika kwa mkono wangu: fidia ya dizeli. Nikaipiga muhuri. Mama Boay aliikunja mara nne akaitia kifuani, akashukuru, akaenda zake kwa kaka yake Rhotia. Fedha ile ilinunua mapipa mawili. Baada ya hapo injini ilikatika shafti, na mradi ukafa kabisa. Mimi nikapata kazi huku hotelini, ambako mmenikuta.

Kwa hiyo vijana, pimeni tangi kila mzigo wa injini unapobadilika, si mara moja kwa siku. Andikeni dizeli ya asubuhi mbali na ya usiku. Msipandishe bei kabla hamjajua ni saa ipi inayokula. Haya ni rahisi; mtayashika kwa wiki moja. Lingine sijui linafundishwaje.

Nilikaa huku ukingoni miaka yote hiyo, na Rhotia ni safari ya nusu siku. Sikwenda. Nilikwenda juma la kwanza la kustaafu. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anapepeta maharage, amekonda, sauti bado ileile. Alinikaribisha, akanipa uji. Nikamwambia nimekuja kukiri kwamba kosa lilikuwa langu, la hesabu na la kunyamaza.

"La hesabu silijui," akasema. "La kunyamaza nililiona. Ulikuwa unanoa penseli."

"Nisamehe, Mama Boay."

Akapepeta ungo mara mbili tatu, makapi yakaruka. "Mimi unaniambia nini? Mimi tangu siku ile najua sikula taa ya mtu. Nenda kawaambie wao."

Nikashuka Karatu siku hiyohiyo. Mwenyekiti amekwisha kuzikwa. Fundi cherehani alihamia Babati. Mwenye baa hakuna anayejua alikokwenda. Katika wote waliobanana kwenye yale madawati nilimpata Hemedi tu, amezeeka, bado yuko nyuma ya mizani. Nikasimama dukani nikamweleza yote tangu mwanzo: bei, kitufe, fimbo, penseli, stakabadhi. Alinisikiliza vizuri, hakunikatiza hata mara moja, na wakati huo akinipimia sukari. Nilipomaliza, mkewe aliuliza kutoka nyuma ya pazia kuna habari gani.

"Hakuna neno," Hemedi akamjibu, akifunga kifuko kwa uzi. "Ni Bwana Yuniti, anamkumbuka yule mama aliyekula taa zetu."